Spencer's Mountain (1963): niliitazama na mama

Niliitazama filamu hii Jumapili mchana nikiwa na mama, kwa diski niliyoazima kwa jirani. Haina tafsiri ya Kiswahili, hivyo nikawa namtafsiria. Baada ya nusu saa akaniambia ninyamaze, anaelewa.

Clay Spencer (Henry Fonda) ni mfanyakazi wa machimbo ya mawe. Yeye na mkewe Olivia (Maureen O'Hara) wana watoto tisa, wamebanana kwenye nyumba ndogo. Miaka yote amemwahidi mkewe nyumba nzuri juu ya mlima wa ukoo wao, na akipata nafasi anapanda kuijenga. Kisha kifungua mimba wao anafaulu vizuri, wa kwanza katika ukoo kuifikiria safari ya chuo kikuu. Pesa hakuna, na chuo kinadai Kilatini.

Hapo ndipo nilipompenda Clay. Mtu wa chupa, kanisani hakanyagi, Olivia kamwombea hadi kachoka. Sasa anakubali kwenda ibadani ili mchungaji amfundishe mwanawe Kilatini.

Riwaya ya Earl Hamner, ambayo filamu imetokana nayo, ilizaliwa kwenye milima ya Blue Ridge, Virginia. Mwongozaji Delmer Daves akaihamishia Wyoming, chini ya vilele vya Grand Teton vyenye theluji. Kwangu alipatia: ile nyumba isiyoisha inaonekana ndogo mno mbele ya milima ile, unamwonea Clay huruma kabla hajasema neno.

Yaliyonichosha ni mapenzi ya kijana huyo wa Clay na msichana Claris, yamerefushwa bila sababu, na muziki wa Max Steiner unapanda hata pale ambapo kimya kingetosha. Babu anaangukiwa na mti na kufa. Ukiwa na watoto wadogo, kaa nao karibu.

Kama hutaki kujua mwisho, ishia hapa.

Clay anaichoma nyumba ile kwa mkono wake na kuuza ardhi, ipatikane ada. Nikamtazama mama. Akasema taratibu kwamba babu yetu aliuza ng'ombe wawili ili mjomba aende sekondari, na tangu siku ile bibi alikunywa chai ya rangi mpaka anakufa. Nina miaka thelathini na nne, na sikuwahi kulisikia hilo.