Freedoom na SLADE 3: kuta za gemu zinapovaa kanga

Msanii wa Arusha au Moshi anayetaka kugeuza gemu kuwa kazi ya sanaa hana sababu ya kuanza na injini kubwa za kutengenezea gemu zinazomaliza bando kabla hata hajachora mstari. Freedoom, GZDoom na SLADE 3 zinamtosha, na zote tatu ni za bure. Kwa anayeanza, hakuna seti nyingine tunayoipendekeza kabla ya hii.

Doom, gemu ya kupiga risasi, ilitoka Desemba 1993, na msimbo wake ukaachiwa wazi mwaka 1997. Freedoom ni picha, sauti na ramani zilizotengenezwa upya na watu wa kujitolea ili gemu hiyo ichezeke bila kununua chochote. GZDoom ndiyo inayoiendesha, na SLADE ndiyo inayofungua matumbo yake. Njia ya kugeuza gemu kuwa sanaa si ngeni: mwaka 1999 kundi la wasanii la JODI liliichukua gemu ya Wolfenstein 3D, likaondoa kuta na askari, likaacha maumbo meusi na meupe.

Ukinunua laptopu ya mtumba, angalia kizazi cha prosesa kabla ya kuangalia RAM. Core ya kizazi cha pili yenye chipu ya picha ya Intel HD 3000 inaishia toleo la 3.1 la OpenGL, mfumo wa kuchora picha za 3D, kwenye Windows, na GZDoom za sasa kwa kawaida zinataka 3.3. Kizazi cha tatu chenye HD 4000 kinaiendesha vizuri. Kama mashine ni ya zamani zaidi, tumia Crispy Doom, programu nyingine ya kuendesha gemu hii, lakini hapo utabanwa na rangi 256 za gemu yenyewe, na zambarau humo ni chache mno. GZDoom inapokea PNG yenye rangi zote.

Kazi inaanza hivi: fungua SLADE, tengeneza faili jipya la aina ya Zip, lihifadhi kwa jina kanga.pk3. Ndani yake weka folda mbili, textures na sprites. Picha ya ukuta yenye jina STARTAN3 ukiitia ndani ya textures, kila ukuta uliokuwa na jina hilo unavaa picha yako. Kisha buruta kanga.pk3 uidondoshe juu ya gzdoom.exe, huku freedoom2.wad, faili la Freedoom, ikiwa kwenye folda hiyohiyo.

Kanga inaingia kwenye gemu hii vizuri kuliko kitambaa kingine chochote, ila vipimo vyake havina msamaha. Pikseli moja ni kipimo kimoja cha gemu. Chora kwa upana wa 256 na kimo cha 128. Macho ya mchezaji yako vipimo 41 kutoka sakafuni, kwa hiyo jina la kanga likikaa pikseli ya 87 kutoka juu, linamtazama mtu usoni, na hapo ndipo jina hukaa hata kwenye kanga halisi, chini ya katikati ya mji, ile sehemu ya ndani ya pindo. Herufi ya pikseli 5 na nafasi ya 1 inasomeka. WEMA HAUOZI inachukua pikseli 66 tu.

Kosa la kwanza ni pindo. Picha ya ukuta hujirudia, basi pindo la pikseli 12 kila upande likikutana na jirani yake linakuwa 24, na ukuta unaonekana umeshonwa vibaya. Jenga ukuta wa vipimo 256 kamili, au toa pindo la upande mmoja. Kosa la pili ni dari. Ukuta usio na uwazi huvishwa kuanzia darini kushuka. Dari ikiwa 160, picha inarudia kabla ya kufika sakafuni na jina linapanda juu ya macho. Kwenye kihariri cha ramani, washa alama ya Lower Unpegged, picha ianzie sakafuni.

Anga nayo ina mtego wake. RSKY1, anga ya ramani za mwanzo, ina upana wa 256, na hujirudia mara nne kuzunguka upeo wote. Weka Mlima Meru humo, utaona Meru nne, moja kila upande. Ongeza upana hadi 1024 na mlima unabaki mmoja, kaskazini ukitaka.

Vitu vinavyosimama vinaenda sprites. Mgomba uliochorwa vizuri unaweza kuchukua nafasi ya mti mkubwa, TRE2A0. Ukiuona umezama ardhini na kusogea kando, picha haina tatizo: haijapewa sehemu ya kusimamia. Ndani ya SLADE nenda kwenye marekebisho ya offset, chagua mpangilio wa Monster, utasimama kwenye shina lake.

Kwa picha za kuchapisha, anzisha gemu kwa -nomonsters ili maadui wasitokee, kisha kwenye konsoli, dirisha la amri la gemu, andika r_drawplayersprites 0 ili bunduki itoweke, na crosshair 0 ili alama ya kulengea iondoke. Zima kichujio cha picha, la sivyo pikseli zako zinakuwa ukungu. Picha ya 1920 kwa 1080 ikichapwa kwa nukta 150 kwa inchi inapata upana wa sentimita 32.5, pungufu ya A3. Ukikuza kwenye GIMP chagua ukuzaji usio na ulainishaji, na mwambie mchapaji wa mabango asiikuze tena kwa programu yake.

Kasoro zipo. Menyu hazina Kiswahili, na kihariri cha ramani cha SLADE kinachosha kwenye ramani kubwa. Mwenye Windows atumie Ultimate Doom Builder, kihariri kingine cha ramani. Bonyeza Ctrl+S kila baada ya badiliko, hasa kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, maana umeme ukikatika kazi ambayo haikuhifadhiwa hairudi.

Leseni ya Freedoom ni BSD, basi ramani na picha unaweza kuziuza kwa watalii pale mjini bila kuomba ruhusa, mradi tangazo la leseni yake liambatane na faili unalotoa.