Namba 7 imeniaibisha Mikindani

Nyota moja kwa plagini ya mwangwi, yaani kiprogramu cha kupachika ndani ya programu nyingine. Naandika nikiwa bado na hasira, anayetaka maneno ya taratibu apite.

Mimi ni mtu wa mitambo kwenye sherehe huku Mtwara, hasa msimu wa korosho, pesa zikishaingia na wari wanatolewa kila kona. Sauti nazipitisha kwenye Pure Data, ile programu ya bure ya Miller Puckette: huandiki kurasa za msimbo, unachora vijisanduku na kuviunga kwa nyaya. Humo ndani nimeweka hiyo plagini ya mwangwi niliyoinunua kwa jasho langu. Jina silitaji. Wenyewe wanajijua.

Vitufe vya plagini ikiwa humo unaviita kwa namba au kwa jina. Mimi niliviita kwa namba, nikaziandika kwenye kikaratasi na kukibandika kwa selotepu pembeni ya kioo cha laptopu: 6 marejeo (mwangwi unaorudishwa ndani ili ujirudie), 7 kiasi cha mwangwi. Mbona sikutumia majina? Kwa sababu kitufe chenyewe wamekiita "Echo Mix", na kwenye kisanduku cha ujumbe nafasi hutenganisha maneno. Unatuma jina moja, linafika mawili, hakuna anayeitika. Ndiyo, ipo njia ya kuifunga ile nafasi kwa mkwaju wa nyuma, ile alama ya \, naijua. Ila jenereta inanguruma na watu wanasubiri, nani ana muda huo?

Basi wakaleta toleo jipya. Nikalipakua usiku, nikasikiliza kidogo, tamu, nikalala. Kumbe wamepachika kitufe kipya katikati ya orodha, na vyote vilivyofuata vimesogea hatua moja. Ilani hakuna. Na kwa kuwa kila kitufe hupokea thamani kati ya 0 na 1, wala hutaona alama ya kosa: 7 inameza chochote unachoipa, iwe yenyewe au mpangaji mpya.

Jioni, Mikindani, ngoma imekolea. Mwimbaji anafunga wimbo, nami kama kawaida yangu nasukuma kitelezi hadi 1 ili neno lake la mwisho lielee kidogo. Sasa 7 imekuwa marejeo, na marejeo yakifika 1 mwangwi haufi. Neno likarudi, likarudi tena, makofi yakaingia humohumo, vigelegele vikafuata, kisha maiki ikashikana na spika zikaanza kupiga miluzi. Watoto wakatimka. Bibi mmoja aliyekaa karibu na meza yangu akaniinamia: "Mjukuu wangu, hicho kidude kinamjibu nani?" Nikachomoa waya. Wapiga ngoma, Mungu awape maisha marefu, hawakusimama hata pigo moja.

Nikawaandikia wenye plagini. Siku kadhaa, kimya. Majibu yakaja bila hata salamu: mpangilio wa vitufe hawajawahi kuuahidi, programu za kuchorachora hawazishughulikii, nisome mwongozo. Kuchorachora! Kitu ambacho watu wanakitumia tangu miaka ya 1990, leo ni michoro ya chekechea. Mteja mwenye risiti anajibiwa kama kapita kuomba maji.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba yule bwana aliyenijibu ana hoja. Kwenye VST3, muundo wanaoutumia watengenezaji wa plagini, kila kitufe kina kitambulisho chake, na hicho ndicho kisichotakiwa kubadilika toleo hadi toleo. Namba ya kwenye orodha ni kiti tu, anakaa aliyewahi. Siku hizi patchi yangu, yaani ule mchoro wa vijisanduku, ikifunguka inaomba kwanza orodha ya majina, inatafuta lile ninalolitaka, ndipo inashika namba yake. Kazi ya nusu saa, nami nimeikwepa miaka. Sawa. Lakini hilo angeweza kunieleza kwa mistari miwili, tena kwa adabu.

Haya, nyota mbili. Hata tatu, nikiusikiliza ule mwangwi wenyewe, maana sijapata mwingine unaobeba sauti ya mama anayeimba bila kuifanya itokee kisimani. Wikiendi iliyopita nimeutumia tena, na nitautumia. Lakini kila nikikumbuka "kuchorachora" mkono unarudi kwenye moja, basi iacheni hapohapo. Toleo la zamani nimelihifadhi kwenye flashi mbili, moja iko kwa shangazi Lindi.