Mwaka mmoja na chungu cha kuyeyushia risasi na kalibu yake, uzoefu wangu

Kwanza tuelewane lugha, maana hapa Kiswahili kinatuchanganya, risasi ni yale madini na risasi ni hiyo inayotoka kwenye bunduki, sasa ukisema nayeyusha risasi ili nitengeneze risasi watu wanakuangalia mara mbili. Kwa hiyo nikisema risasi hapa namaanisha madini, ile inayoruka ntaiita kichwa, na kile kikopo kinachobaki ni ganda kama kawaida.

Naishi Texas. Huku mtu akijitengenezea za kwake mwenyewe, za kulengea shabaha, sheria ya Marekani haimdai leseni, leseni inakuja ukitaka kuuza. Nyumbani Bongo ni habari nyingine kabisa, usisome hapa ukaenda kujaribu uani kwako ukaja kunilaumu.

Nlianza kulifikiria hili kipindi cha korona, mashelfu ya madukani yalikuwa matupu kabisa, rivolva yangu ya .38 Special ikakaa kabatini miezi bila kazi. Nikaja kununua vitu vitatu: chungu cha umeme cha paundi 10, kama kilo nne na nusu hivi, kinachomimina kwa kitundu cha chini, halafu kalibu ya aluminiamu ya matundu mawili inayotoa kichwa cha greni 158 (kama gramu kumi hivi), na presi ndogo ya mkono ya kushindilia kichwa kwenye ganda. Majina ya kampuni siyataji, atakayejua atajua.

Nianze na kalibu maana ndiyo iliyoniliza kisha ikanifurahisha. Siku ya kwanza nimetoa vichwa kama mia, vyote vina makunyanzi kama tende kavu, nikajua nimepigwa. Kumbe kalibu inakuja na mafuta ya kiwandani ndani yake na mimi kwa haraka zangu sikuiosha. Nikaichukua na sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu nikaisugua, nikaikausha vizuri, bado makunyanzi, safari hii yakapungua tu, tatizo likawa kalibu imepoa. Risasi tupu inayeyuka nyuzi 327 za Selsiasi lakini kuyeyuka siyo kumiminika, inabidi uipandishe mpaka karibu 370 hadi 400 na kalibu yenyewe iwe ya moto, mimi huwa naiegesha kwenye mdomo wa chungu wakati risasi inayeyuka, halafu vichwa ishirini vya mwanzo sivihesabu hata, vinarudi chunguni. Ikipata moto wake utasikia raha, unamimina, unahesabu sekunde tano sita, kile kikonyo cha juu kinabadilika kutoka kung'aa kinakuwa cha kijivu ghafla kama mtu kazima taa, unagonga kibati cha juu ya kalibu na mpini wa nyundo kikonyo kinakatika, unafungua, vichwa viwili vinadondoka kwenye taulo. Vikianza kutoka vimepauka kama vimemwagiwa unga ujue umezidisha moto, vinapiga vizuri tu lakini ni ishara ya kupunguza.

Mizani inaniambia 160 wakati kalibu imeandikwa 158. Siyo kosa lake. Uzito ulioandikwa unategemea mchanganyiko, na wangu una risasi laini zaidi, na risasi ni nzito kuliko bati na antimoni, yale madini yanayochanganywa humo kuikaza.

Sasa chungu. Chungu kinavuja! Nimesugua kile kijiti cha kuzibia, nimekisaga na unga wa msasa, nimekining'inizia nati nzito kwa juu ili kikae chini, bado tone, tone, tone, asubuhi nakuta kimlima cha risasi kwenye trei kama nta ya mshumaa. Na kipimo cha moto kimeandikwa namba 1 mpaka 9 tu, 5 ni nyuzi ngapi anajua aliyekichonga, ilibidi ninunue kipimajoto pembeni. Nikipewa nafasi ya kurudi nyuma ningenunua sufuria ya chuma na upawa basi. Marehemu baba mdogo pale Tanga alikuwa anamimina chubwi za mshipi kwenye kifuu kilichojaa mchanga, kwa upawa, na hakuna kilichovuja. (Yeye risasi alikuwa anaitoa kwenye betri chakavu za gari, hilo msimuige, betri za siku hizi zina madini mengine na takataka yake ikipata maji inaweza kutoa gesi ya kuua.)

Malighafi naipata kwa jamaa wa matairi, vile vipande vya wili balansi. Zamani watu walikuwa wanapata ndoo nzima ya risasi tupu, siku hizi sahau, California wamezipiga marufuku tangu 2010 na hata huku kwetu ndoo yangu ya mwisho zaidi ya nusu ilikuwa chuma na zinki. Unakaa na plaizi unabana kimoja kimoja, risasi plaizi inazama, zinki inagoma. Chuma kikikuponyoka hakina neno, kinaelea unakichota. Zinki ndiyo adui, inayeyuka nyuzi 419, kwa hiyo wakati wa kusafisha ukiuweka moto chini itaelea nayo unaitoa, ukizembea moto ukapanda inaingia humo na chungu kizima kinakuwa uji wa ulezi, kalibu haijai tena.

Ikishayeyuka natupia kipande cha nta na maranda ya mbao, nakoroga, uchafu unapanda juu mweusi, naukwangua. Moshi upo, mlango wa gereji wazi, feni inasukuma nje.

Na maji. Mwezi wa tano ndoo ilinyeshewa, nikaanika vipande nikaona vimekauka, kimoja kilikuwa na maji chini ya klipu yake. Kilipozama tu, paaa! Kama bomba limepasuka, risasi imepiga dari la gereji, mpaka leo kuna madoa ya fedha kule juu. Mimi nlikuwa na kile kioo cha uso na glavu za ngozi, si kwa akili zangu, ni mke wangu alikataa katakata nisiwashe kitu bila hivyo. Tangu hapo kinachoongezwa kinaingia kwenye chungu cha baridi, kabla sijawasha.

Risasi ni sumu, kwa hiyo mke wangu huyohuyo ndiye kaweka sheria za mtoto: nguo za gereji haziingii ndani, viatu nje, hakuna chai wala karanga nikiwa kazini, na nikapime damu kila mwaka. Nimepima, niko salama. Daktari alishtuka zaidi niliposema napiga kwenye ukumbi wa ndani, akasema vumbi la fataki, kile kidude cha kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti, ndilo linawapeleka wengi.

Upande wa kushindilia sina mengi ya kulalamika, presi inafanya kazi. Kipimo cha baruti sikupi, fungua kitabu cha waliotengeneza baruti yako, anzia chini, pima kwa mizani. Nakutahadharisha moja tu, ganda la .38 lilibuniwa 1898 enzi za baruti nyeusi, ni refu, baruti ya sasa haifiki hata nusu yake, kwa hiyo ukijisahau ukatia mara mbili haimwagiki na huioni. Mimi nayapanga maganda 50 kwenye kibao namulika tochi moja moja kabla kichwa hakijakaa. Simu iko chumbani.

Kosa langu kubwa lilikuwa la kijinga. Baada ya kupiga 60 mtutu ukajaa risasi ndani, mabamba mabamba, shabaha ikawa ya kubahatisha. Kila mtu akaniambia vichwa vyako vilaini, ongeza antimoni. Nikaongeza. Vilevile. Siku nimekaa na mikromita ndo nagundua dai niliyonunua, lile tundu la chuma unalopitishia kichwa kulinganisha unene, ni ya 9mm, inatoa inchi 0.356 wakati bastola yangu inataka 0.358, gesi inapita pembeni inayeyusha kichwa njiani. Nimebadilisha dai, nikasugua mtutu kwa nyuzi za shaba za kusugulia masufuria, mchanganyiko uleule laini, yadi 15 sita zote zinafunikwa na kisahani cha kahawa.

Hela? Paundi moja inatoa vichwa 44, risasi ya bure, kwa hiyo kwenye karatasi unaokoa. Ila Jumamosi zangu zimeisha na fataki bado nanunua bei ileile.

Kalibu naipa nyota tano. Chungu mbili, na hizo mbili ni kwa sababu kinapata moto haraka. Nakiuza mwezi ujao nihamie kwenye upawa, atakayekitaka ajue kabisa kinavuja na trei ya chini inaenda pamoja nacho.