Themomita na chombo cha kupimia spesifiki hiti: nunua nini ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Wazazi na walimu wenzangu wa huku nyanda za juu, vijana wa kidato cha tatu wakishafika mada ya joto swali huwa ni moja, ninunue nini ili mtoto aweze kupima spesifiki hiti (joto ambalo kilo moja ya kitu inataka ili ipande nyuzi moja) kwa mkono wake asikariri tu. Wengi wanakimbilia kutafuta kalorimita ya shaba, kile kikombe cha maabara cha kupimia joto. Mi nasema hela yako nzuri peleka kwenye themomita kwanza, chombo hata jikoni kipo.

Angalia praktiko yenyewe. Unachukua bolti ya chuma ya gramu 200 (gereji za malori zipo kibao barabara ya Tunduma, omba moja ya skrepa, ioshe grisi yote), unaifunga uzi, unaichemsha kwenye maji dakika kadhaa, afu unaihamisha fasta kwenye maji ya baridi gramu 200 yenye nyuzi 18. Unakoroga, unasoma. Joto lililotoka kwenye bolti ndilo lililoingia kwenye maji, na hapo ndo unapopata spesifiki hiti ya chuma. Maji yatapanda nyuzi 7 hivi basi, wakati bolti yenyewe imeshuka karibu 69, maana kilo moja ya maji inataka jouli 4,200 ili ipande nyuzi moja na chuma kinataka 450 hivi tu. Sasa themomita ikikosea nyuzi 1 kati ya hizo 7, jibu limeshahama asilimia 14 na mtoto hajakosea hesabu hata moja. Ndo maana naweka themomita mbele ya kila kitu.

Kwa themomita naziweka hivi. Ya kwanza ni ya dijitali ya jikoni, ile yenye ncha ndefu ya chuma, hakikisha inaonyesha sehemu ya kumi ya nyuzi, yaani 25.3 na siyo 25 peke yake, na inafika mpaka 100 na zaidi. Usizamishe kichwa chake kwenye maji, na subiri namba itulie kabla hujaandika. Kwenye maji ya baridi na ya moto tumia hiyo hiyo moja, maana tunachotaka hasa ni tofauti, na kama inazidisha kidogo kote kote basi kosa linajifuta lenyewe.

Ya pili ni ya kioo yenye pombe nyekundu. Inafaa, ila kabla hujalipa inyanyue kwenye mwanga uangalie ule uzi mwekundu kama umekatika katikati, ukiona hata kapengo kadogo iache hapo hapo dukani. Ya zebaki inasoma vizuri lakini ikipasuka nyumbani ni sumu, kwa watoto siishauri kabisa. Ya kupimia homa inaishia nyuzi 42 kwa hiyo haifai, na zile zenye umbo la bunduki zinazopima bila kugusa zinasoma uso wa kitu tu, ukiielekeza kwenye chuma kinachong'aa inakudanganya.

Kuna kitu cha huku kwetu ambacho vitabu vingi havimwambii mtoto. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, maji yanachemka karibu nyuzi 94. Iringa ni karibu 95, Njombe 93 na ushee. Themomita mpya ukiitia kwenye maji yanayotokota hapa Mbeya ikakuandikia 100 kamili, hiyo ni mbovu, irudishe. Afu mtoto akiandika bolti ilianza na nyuzi 100 kwa sababu kitabu kimesema maji yanachemka 100, chuma kitamtokea 414 hivi badala ya 450, makosa ya asilimia 8 na alikuwa makini mwanzo mwisho. Apime maji yake mwenyewe aandike alichokiona.

Chombo sasa. Namba moja kwangu ni vikombe vya povu viwili, kimoja ndani ya mwenzake, na kifuniko cha kadibodi chenye tundu la themomita. Povu halimezi joto la maana na halilipitishi, unaweza hata usilihesabu. Namba mbili ni hotpoti ndogo, na hii nyumba nyingi inayo tayari, kwa hiyo wengi hamna haja ya kununua chochote. Tatu ndo kalorimita ya shaba: kikombe cha gramu 100 kinakula jouli 39 kwa kila nyuzi, maji yako gramu 200 yanakula 840, ukikisahau jibu linashuka asilimia 4 hivi. Ila kama unanunulia shule nzima, au mtoto yuko kidato cha nne, hapo inunue tu, azoee kuiingiza kwenye hesabu kabla ya mtihani wa vitendo. Chupa ya chai ya kioo inatunza joto kuliko zote lakini mdomo mwembamba, na bolti ikidondoka mle ndani umeipoteza chupa. Sufuria tupu ya alumini iwe ya mwisho, joto linakimbilia pembeni unaliona hivi hivi.

Mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu 1 inatosha, soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, kwenye vyombo, utazikuta. Kama hela haifiki, maji pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, mililita moja ni gramu moja, bolti kapimishe kwa mwenye mizani ya dijitali.

Juni na Julai, baridi ya huku mnaijua, chumba chenyewe kinanyonya joto. Anza na maji yaliyo chini ya joto la chumba kwa nyuzi 3 au 4 hivi ili yakimaliza yawe juu yake kiasi hicho hicho, kilichoingia mwanzo kinafidia kinachotoka mwishoni. Na zile koili za umeme za kuchemshia maji ya kuoga usimpe mtoto kwa kazi hii hata kama ni rahisi, zinapiga shoti, jiko la mkaa au la gesi linachemsha bolti vizuri tu.