Desert Hot Springs, California: maji nyota tano, mji nyota tatu

Ukisema unataka kupumzika jangwani kusini mwa California, kila mtu atakuelekeza Palm Springs. Mimi nakwambia vuka barabara kuu ya I-10, panda upande wa kaskazini mpaka Desert Hot Springs, hasa kama una mzee mwenye magoti yanayomsumbua. Nilimpeleka mama, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, mwezi Januari. Tangu hapo kila ninayemsimulia huniuliza mambo mawili: ni kweli maji yanatoka ya moto yenyewe, na je, panafaa kununua kijumba cha uzeeni? La kwanza ni kweli. La pili lina maneno.

Nianze na maji, maana ndiyo yaliyonipeleka. Kuna visima ambavyo maji yake yanafikia nyuzi 80 za Selsiasi, kwa hiyo kazi ya hoteli ni kuyapoza, si kuyachemsha. Chini ya mji unapita ufa wa ardhini uitwao Mission Creek, tawi la ule ufa mkubwa wa San Andreas, na umekaa kama ukuta: huku maji ya moto yenye madini, kule maji baridi matamu, na hayo baridi ndiyo unayoyanywa bombani. Mama kabla ya kuingia bwawani aliinama, akateka kwa kiganja, akanusa. Sisi watu wa Tanga tuna chemchemi za Galanos kule Amboni, na ile harufu ya kiberiti inakupokea hata maji hujayaona. Haya hayanuki kitu. "Sasa dawa yake iko wapi?" akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa maziwa yaliyotiwa maji.

Baada ya muda mfupi hakutaka kutoka. Ana presha, na tangazo ukutani linasema wazi wenye presha wamuulize daktari na wasikae sana kwenye maji makali, kwa hiyo tulishinda kwenye bwawa la vuguvugu huku nikiangalia saa kana kwamba niko zamu. Magoti hayakupona, nisikudanganye. Ila usiku alilala bila kuamka kujipaka dawa, na asubuhi alitembea mpaka kwenye gari bila kunishika mkono. Siku chache baadaye maumivu yakarudi mahali pake.

Hoteli tuliyofikia siitaji, maana nina malalamiko nayo. Bwawa la moto zaidi, lile lililopambwa kwenye picha zao, lilikuwa limekaushwa kwa matengenezo na hakuna aliyetwambia mpaka tumeshalipa. Halafu kwenye bili ikaongezwa ada ambayo bei ya mwanzo haikuionyesha. Lakini chumba kilikuwa na jiko. Hoteli nyingi za pale ni ndogo, vyumba vichache vimezunguka bwawa, nyingine zimejengwa tangu miaka ya 1950, na zenye jiko si haba. Mama alipika wali wa nazi na samaki tuliokuja nao kwenye barafu, na jirani wa chumba cha pili, mzee kutoka Kanada, akaja kuuliza harufu hiyo ni ya nini. Akala sahani mbili.

Kabla hujalipa, piga simu uulize. Hoteli nyingi ndogo hazipokei watoto kabisa. Wangu walibaki na baba yao San Bernardino, mwendo wa kama saa moja kwa gari. Na uulize habari ya mavazi, kwa sababu mjini humo zipo hoteli ambazo wageni hukaa uchi kabisa kando ya bwawa. Fikiria umefika na mama mzaa chema kavaa baibui. Kwetu walisema vazi lolote la kuogelea linafaa, refu au fupi, basi mama akaingia na lake la kumsitiri mpaka vifundoni na hakuna aliyemkodolea macho.

Ukichoka maji, nenda kwenye nyumba ya Cabot Yerxa, ambayo sasa ni makumbusho. Huyu bwana alifika hapo 1913, jangwa tupu, akachimba kisima kwa mikono yake akapata maji ya moto; akachimba kingine si mbali, akapata baridi. Mwaka 1941 alianza kujijengea jumba la vyumba 35 kwa mabaki: nguzo kuukuu, vioo vya kuokoteza, misumari aliyoinyoosha upya. Mwaka huohuo mwekezaji aitwaye L. W. Coffee alifungua bafu la umma, na biashara ya mji ikaanzia hapo. Ndani kuna ngazi nyembamba, mama alibaki uani akitazama sanamu ya kichwa cha Mhindi Mwekundu iliyochongwa kwenye mti, ina urefu wa futi 43.

Sasa habari ya kuhamia. Mji ulipata hadhi yake rasmi 1963 na una watu 32,000 na kidogo kwa sensa ya 2020. Nyumba ni nafuu kuliko miji jirani ya Palm Springs na Rancho Mirage, na hilo lina sababu zake. Mwaka 2001 mji wenyewe ulitangaza kufilisika baada ya kushindwa kesi ya nyumba za watu wa kipato cha chini, na 2014 ukawa wa kwanza kusini mwa California kuruhusu kilimo kikubwa cha bangi ya dawa. Kuna mitaa unayopita ukafunga kioo cha gari.

Wazee wengi wanaishi kwenye viwanja vya nyumba za kuhamishika vya wenye miaka 55 na kuendelea. Bei ya nyumba inavutia mno, lakini mara nyingi unanunua nyumba tu. Ardhi unaikodi kila mwezi, na kodi hupanda. Kisheria, angalau asilimia 80 ya nyumba hizo lazima iwe na mkazi mmoja aliyefika 55. Wajukuu wanakuja kama wageni, kwa siku zilizoandikwa. Kwa familia zetu, ambapo bibi ndiye mlezi wa nusu ya ukoo, hilo peke yake linatosha kumaliza mazungumzo.

Kiangazi joto linapita nyuzi 40, na wazee wa Kanada wanaokuja kukimbia baridi wanakuwa wamesharudi kwao. Upepo nao! Mapangaboi ya kuzalisha umeme kwenye bonde la San Gorgonio hayakuwekwa pale kwa urembo. Mchanga ukivuma, au mvua ikinyesha, Indian Canyon Drive, barabara ya kwenda Palm Springs, inaweza kufungwa, na hospitali kubwa iliyo karibu iko hukohuko. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee. Mgonjwa wa moyo siwezi kumshauri akae mbali hivyo bila dereva. Na bima ya kawaida ya nyumba California haigusi tetemeko, wakati mwaka 1948 liliwahi kupiga hapohapo, ukubwa wa takriban 6.

Kwa hiyo sisi tutaendelea kuwa wageni, Novemba mpaka Machi, Jumapili hadi Alhamisi ambapo bei hushuka. Mama anataka kurudi huko kabla ya ndege yake ya kwenda nyumbani. Nimeshapata hoteli nyingine yenye jiko, na swali langu la kwanza kwenye simu lilikuwa kama mabwawa yote yana maji.