Altrasaundi ya utosini kwa papiloma ya ubongo ya mtoto mchanga: uzoefu wangu

Kwa uvimbe ulio ndani ya kichwa cha mtoto mchanga, hakuna kipimo cha kwanza ninachokithamini kuliko altrasaundi inayopita utosini. Nazungumzia hasa papiloma ya koroidi pleksasi, uvimbe nadra usio wa saratani (daraja la 1 la Shirika la Afya Duniani, WHO) unaoota kwenye tishu inayotengeneza maji ya ubongo. Kwa umri huu hukaa zaidi kwenye ventrikali za pembeni, yaani vyumba vya maji ndani ya ubongo. Huzalisha maji kupita kiasi, na pengine huziba njia yake. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake hukua kama sentimita 2 kwa mwezi katika miezi mitatu ya kwanza. Kikiongezeka sentimita 1 au zaidi kwa wiki, utosi umetuna na macho yamelalia chini, apimwe siku hiyo hiyo.

Proubu (kichwa cha mashine kinachogusa ngozi) ndogo ya mbinuko, megahezi 5 hadi 8, inatosha. Jeli iwe vuguvugu, mkono usikandamize. Papiloma huonekana nyeupe, yenye vinundu kama koliflawa. Hapo ndipo watu hukosea, maana damu iliyoganda ndani ya ventrikali nayo ni nyeupe. Washa Dopla, inayoonyesha mtiririko wa damu, na ushushe kiwango cha kasi, kwa sababu kikiachwa juu, mtiririko wa polepole haujitokezi na papiloma itaitwa bonge la damu. Bonge halina mtiririko. Papiloma imejaa mishipa. Shaka ikibaki, rudia baada ya siku kadhaa: bonge huanza kuwa jeusi katikati na kusinyaa, uvimbe hausinyai.

Udhaifu wake ni kwamba sehemu za nyuma hazionekani vizuri, wala haitenganishi papiloma na kasinoma ya koroidi, ambayo ni saratani. Hata MRI (picha ya sumaku) haiwezi kwa uhakika. Jibu hutoka patholojia, tishu ikichunguzwa maabara. Hata hivyo MRI yenye gadolini (dawa ya kung'arisha picha), pamoja na uti wa mgongo, naiona ya lazima kabla ya kisu. Mara nyingi mtoto akishashiba na kuviringishwa vizuri hulala wakati wa MRI bila dawa ya usingizi.

Katika chumba cha upasuaji adui ni damu. Mtoto wa kilo 3 ana takriban mililita 250 za damu mwilini mwake mwote, hivyo mililita 25 zikimwagika ameshapoteza sehemu ya kumi. Damu ya kumwongezea, iliyolinganishwa na yake, iwe chumbani kabla ngozi haijakatwa, na chumba kiwe na joto. Kichwa kilazwe kwenye mto wa jeli, bila pini, kwa kuwa fuvu ni jembamba na hutoboka. Altrasaundi inarudi kazini hapa: hukuonyesha njia fupi ya kuufikia uvimbe, na Dopla hukuonyesha shina lake la mishipa. Shina hilo, linalotoka kwenye arteri za koroidi, lifuatwe mapema na kuchomwa kwa baipola (koleo la umeme la kuzuia damu). Kuanza kunyofoa katikati ya uvimbe kabla ya hapo ndiko kunakopoteza watoto.

Kabla ya kufunga, jaza ventrikali maji ya chumvi yenye joto la mwili, la sivyo ubongo hujikunja na maji hukusanyika chini ya dura, utando mgumu unaofunika ubongo. Uvimbe ukitoka wote, kwa kawaida mtoto amepona uvimbe huo, ingawa baadhi bado huhitaji shanti, mrija wa kuondoa maji ya ubongo. Ventrikali hazinywei mara moja, kwa hiyo naamua shanti kwa mwelekeo wa vipimo vilivyorudiwa, si kwa picha moja.