Mlango wa mbele wa mvule, uzoefu wangu

Majirani wameniuliza sana kuhusu huu mlango, basi wacha niandike mara moja. Nyumba yangu haina veranda, mvua ikipiga inapiga mlango moja kwa moja, na ule wa saipresi niliokuwa nao ulikuwa unavimba kila masika mpaka uusukume na bega, jua likirudi unabaki na mwanya wa kupitisha kidole. Nikaamua ni mvule. Bei inauma, siwadanganyi, niliulizia soko la Gikomba na kwa mafundi wa Ngong Road, Nairobi, na hakuna hata mmoja aliyekaribia bei ya saipresi, muuzaji mmoja akaniambia ati yake imetoka Kongo kwa hivyo hata usafiri unaulipa wewe.

Ni mzito jamani. Mvule mkavu ni kama kilo 650 kwa mita moja ya ujazo, kwa hivyo bawaba tatu nyepesi sahau, mimi nimewekewa nne za chuma kinene na kila skrubu ilitobolewa shimo kwanza. Lakini kuvimba hakuna, mvua imenyesha jua limewaka na kitasa bado kinaingia vizuri. Mchwa pia hawajaugusa, na frem ya zamani waliila ndani yote ikabaki ganda la rangi tu. Ila angalia hapo, mchwa wanaogopa kile kiini cha kahawia, ile sehemu nyeupe ya pembeni wanaila kama mbao nyingine yoyote, fundi akikuchanganyia mwambie atoe.

Kilichonishangaza ni mawe. Nilikuwa pale karakana mbao ikipasuliwa, mara msumeno ukapiga kelele ya ajabu, fundi akazima mashine akanionyesha kitu cheupe kigumu kama chokaa ndani ya mbao, na meno ya msumeno yameisha makali. Kumbe mti wenyewe ndio hutengeneza hayo, na ndio maana mafundi wengine wanaongeza pesa ya kazi wakisikia mvule. Nyuzi zake pia zimepishana, randa ikienda kinyume inachana, kwa hivyo sehemu kubwa ilimalizwa na msasa. Vumbi lake ni kali, yule kijana wa msasa alikuwa amejifunga kitambaa puani na bado anapiga chafya, usikubali kazi hiyo ifanyiwe sebuleni kwako.

Ukiletewa ukiwa wa manjano usigombane na mtu, mwanga unaugeuza polepole unakuwa kahawia ya dhahabu, mimi sikupaka rangi yoyote, vanishi tu ya nje, na kabla ya vanishi ulipanguswa na thina kwa sababu una mafuta mafuta.

Kwa kabati ya ndani au meza ya tivi siwezi kulipa hiyo pesa, mbao ya mukima (grevillea) iliyokauka inatosha na mistari yake inapendeza. Dirisha la jikoni upande wa mvua ndilo ninaloliwekea pesa sasa, na hilo ni mvule tena.